Kibuyu cha Kushonwa Chaenda Darisalama

Misheni Ushirombo,
Kahama.
11 Machi 1973

Mwanangu Anisia,

Pokea salamu zangu kabla hujakaa, maana najua ukishakaa utashika kalamu uanze kuchora na barua yangu utaisahau chini ya godoro.

Sisi tu wazima. Baba yako Leodgar anakohoa, ila ni kikohozi cha kutaka uji. Nikimpa uji kinapona, bakuli likiisha kinarudi. Kaka yako Jilala alikuja kutoka Geita, kule kwenye mashimo ya dhahabu. Amekonda na anaongea kwa sauti kubwa kama watu wote wa kule, lakini meno yote anayo. Mahindi yamefika kiunoni. Mbuzi wetu mweusi kazaa mapacha, na kila anayepita namwambia, "Tazama, hawa ni mbuzi wa nyumba ya msanifu."

Sasa michoro yako ya huko chuoni. Bahasha niliifungua hapo hapo mbele ya watu, makusudi. Nikaona jembe la baba yako. Nikageuza karatasi, jembe. Nikageuza tena, jembe! Majembe tisa! Nikasema moyoni, maskini mtoto, amekosea mara nane ndipo akapatia. Na lile la nukta nukta nilidhani nzi walitua juu yake, nikalifuta na kitenge, halikufutika.

Baba yako akavaa miwani, akasema, "Hapana Salvina, hakukosea. Haya ni majembe ya aina tisa." Kesho yake alichukua lile refu jembamba lenye kivuli akampelekea Mabula mhunzi amtengenezee lake. Mabula kaligeuza juu chini, kauliza, "Mzee Leodgar, hili linalimwa na nani, twiga?" Baba yako alirudi amenuna. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Jumapili baada ya misa nikawaonyesha kina mama wote. Wote wakasema "Mayu wee!" isipokuwa Mama Generosa, jirani yetu, unamjua mdomo wake. Akasema, "Ni jembe tu. Generosa wangu anachoma watu sindano huko Darisalama na wanapona. Jembe la karatasi linalima wapi?" Nilinyamaza kwa sababu ya mahali tulipokuwa. Lakini alipokuja nyumbani kuniomba kile kibuyu chetu cha zamani cha kusukia maziwa, kile chenye ufa nilioushona, nikampa mbele ya watu. Nikamwambia, "Chukua, Mama Generosa. Sisi huko tumepita. Nyumba ya msanifu haiweki tena vyombo vya kushonwa." Akakichukua akaenda zake. Ah, siku ile nililala vizuri!

Unasema mtihani mkubwa utakuwa kuchora kitu kimoja cha kwenu kwa mitindo mingi. Usihangaike. Nakutumia kwa mkono wa Bwana Silvesta, anayekuja mkutano wa ushirika, chupa ya chai mpya aliyoleta Jilala. Ni ya Kichina, ina maua mekundu na ndege, chai ya asubuhi unaikuta jioni inaunguza. Ichore hiyo, waone mtoto ametoka nyumba gani.

Mama yako anayekupenda,
Salvina


Darisalama,
29 Aprili 1973

Mama mpenzi, shikamoo. Na Baba, shikamoo. Mpe pole ya kikohozi na usimwambie nimecheka habari ya twiga.

Chupa imefika salama. Bwana Silvesta aliibeba kama mtoto mchanga, akanikabidhi pale getini akasema, "Mama yako kaniapisha." Asante sana, Mama.

Mimi ni mzima na nina furaha kama mtu aliyepungukiwa kidogo kichwani. Ngoja nikueleze ile habari ya majembe. Mwalimu wetu, Mwalimu Ansgar, hataki tuchore vitu vya ajabu. Anatupa kijiko, kufuli, ndala, anasema: kichore kwa mstari mmoja bila kuinua kalamu. Haya, sasa kichore kwa vivuli tu, bila mstari hata mmoja. Sasa kama fundi wa mitambo, kwa vipimo. Sasa kama mtoto wa miaka mitano. Sasa kama kioo kilichopasuka. Sasa kama unakiogopa! Kitu ni kile kile, lakini kila mara kinageuka kinakutazama kwa uso mwingine.

Nilipewa kipande cha sabuni wiki nzima. Shida ni kwamba Coletha, ninayelala naye chumba kimoja, alikuwa akikichukua kila asubuhi kuogea. Kila mtindo sabuni ikawa ndogo zaidi. Mtindo wa mwisho nilichora povu. Mwalimu alisifu, akadhani nilifikiri sana. Na kufuli ya bweni nimeichora mara nyingi hata matroni akaniuliza kama nina mpango wa kuivunja.

Siku hizi siwezi kula, Mama. Naona kivuli cha ugali, naacha tonge hewani natazama kinavyopinda ukingoni mwa sahani. Wenzangu wanamaliza mboga.

Nina ombi. Kwa mtihani ule wa maonyesho, ningependa nichore kile kibuyu. Najua umekitoa. Lakini nakikumbuka vibaya: nakumbuka mshono wako, ila sikumbuki ulianzia shingoni au ulipanda kutoka tumboni. Nimejaribu kwa kichwa, hakikubali. Je, kinaweza kupatikana?

Nisalimie Jilala akirudi tena.

Binti yako,
Anisia


Ushirombo,
10 Juni 1973

Mwanangu Anisia,

Marahaba mara elfu. Barua yako nimeisoma mwenyewe mara ya kwanza, mara ya pili nikamsomea baba yako, mara ya tatu nikaisoma kwa sauti karibu na uzio upande wa kina Generosa, ile sehemu ya Mwalimu kusifu povu.

Habari za hapa ni njema. Kikohozi kimepona kabisa kwa sababu unga umepungua na uji hakuna. Pamba imepasuka ni nyeupe mpaka macho yanauma, tunachuma sisi na wajomba zako. Mbuzi mmoja wa wale mapacha kala kofia ya katekista. Tumemwomba radhi katekista; mbuzi haombi radhi.

Juu ya kibuyu. Mwanangu, kibuyu kipo. Kina shughuli zake tu kwa sasa. Na mimi nimefikiri: wewe utasimama mbele ya wakubwa wa Darisalama, wengine wamefika Ulaya, halafu uweke mezani kibuyu chenye ufa? Watasema, mama yake hana chombo kizima. Watasema tulikuwa tunakunywa kwenye magae! Hapana. Kwa hiyo nakutumia kwa padri anayepita huko sinia la bati lenye picha ya samaki, na vikombe viwili vya udongo vya Kizungu, kimoja kina mkono. Pamoja na ile chupa ya chai utakuwa na meza kamili. Chora hivyo.

Baba yako anasema nikuandikie juu ya kibuyu vizuri. Nimeshaandika vizuri.

Umesema Coletha anaogea sabuni ya masomo yako. Mwambie kwamba mama yako Salvina anamsalimu na anamtazama.

Mama yako


Darisalama,
8 Julai 1973

Mama, shikamoo.

Natumaini mmemaliza pamba na Baba hajaumwa mgongo. Hapa sote wazima. Sinia na vikombe vimefika, asante, Mama. Coletha amesema shikamoo kwa woga.

Nisamehe, leo sitaandika mengi ya kuchekesha, ingawa hili lenyewe ukilitazama kwa mbali linachekesha. Wiki iliyopita kila mwanafunzi alileta kitu chake cha nyumbani mbele ya Mwalimu Ansgar. Mimi niliweka chupa ya chai. Mwenzangu wa Moshi akaweka chupa ya chai. Wa Tanga chupa ya chai. Wa Songea naye, na mwingine tena. Tulikuwa na chupa tano mezani, Mama, maua yale yale, ndege yule yule, na zilipochanganyika tukashindwa kujua ipi ya nani mpaka nikanusa za wote. Yetu bado ina harufu ya moshi wa jikoni kwako, ndipo nikaijua.

Mwalimu hakutucheka. Alisema sote watano tulete kitu kilichopita mikononi mwa watu wa nyumba zetu, kisicho cha dukani, na tukichore kwa mitindo ishirini kwa kukitazama, si kwa kukumbuka. Maonyesho ni tarehe 15 Septemba. Sikukuambia tangu mwanzo: muhula uliopita alama zangu zilikuwa chini. Safari hii nisipovuka, nafunga sanduku narudi nyumbani.

Kibuyu, Mama. Najua kiko kwa nani na najua ulimwambia nini. Uliniandikia mwenyewe kwa furaha. Sikulazimishi.

Anisia wako


Ushirombo,
12 Agosti 1973

Anisia mwanangu,

Salamu nyingi na hii iwe barua ya kusoma umekaa kitandani.

Barua yako ilinikuta napepeta mtama. Niliposoma "nafunga sanduku" ungo ulinitoka, kuku wakala mtama wote na mimi natazama. Baba yako akasema, "Salvina, ni uzio tu, hatua chache." Nikamwambia, "Wewe nenda basi, kama ni chache." Akasema kibuyu hakukitoa yeye.

Nikajipanga. Nilivaa kitenge kipya ili kama ni kuaibika niaibike nimependeza. Nikabeba sukari kwenye karatasi, nikavuka.

Mama Generosa alikuwa anatia mbegu za maboga kwenye kibuyu chetu. Yaani chake. Nikasema, "Mwangaluka, Mama Generosa." Akaitika, kisha akatazama jua, maana hiyo ni salamu ya asubuhi na ilikuwa jioni. Akili ilikuwa imenihama.

"Karibu, mama wa msanifu. Umekuja kuona vyombo vya kushonwa?"

Nikasema nimekuja kumjulia hali. Akasema hali anayo. Kuku wakapita. Nikaona sukari itayeyuka mkononi, nikasema yote kwa pumzi moja: mtihani, chupa tano, Mwalimu hataki vya dukani, mtoto atarudishwa, nakiomba kibuyu, nilisema vibaya siku ile na watu walisikia, nitasema vizuri na watu wasikie.

Akauliza, "Utasema lini?"

"Jumapili."

"Baada ya misa, mbele ya wote?"

"Mbele ya wote."

"Kwa sauti ile ile?"

Nikasema kwa sauti ile ile. Basi akacheka, Anisia, akacheka mpaka mbegu zikamwagika. Akasema, "Kibuyu sikurudishii. Nimekizoea. Ila nitamwazimisha mtoto. Na kikienda Darisalama nakwenda nacho mimi, nilikuwa nataka kwenda kumwona Generosa. Chombo changu hakisafiri peke yake."

Unanijua, mwanangu. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu wote kuanzia hapa hadi Nyasubi kule Kahama mjini kwamba mimi ndiye nitakayesimama kwenye maonyesho. Hata kuazima viatu nimeazima. Lakini baba yako ana homa, ya kweli safari hii, si ya uji, na siwezi kumwacha. Kwa hiyo atakwenda Mama Generosa. Atasimama yeye. Ataulizwa yeye.

Jumapili nilisema. Nilipanda kwenye ngazi ya kanisa ili sauti ifike. Nikasema Mama Generosa ana moyo mkubwa na kibuyu kile ndicho chombo bora kuliko vyote vilivyopita nyumbani kwangu, na kuwa nilikitoa kwa majivuno. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja kiziwi akadhani nimechaguliwa balozi wa nyumba kumi, akaja kunipa mkono na kuniomba nimtazamie shauri lake la mpaka wa shamba.

Aliondoka Jumatatu kwa basi mpaka Kahama, kisha Isaka kupanda garimoshi. Alikifunga kibuyu kwenye khanga mgongoni. Nilimsindikiza kituoni. Nikamwambia, "Ukikipasua usirudi." Akasema, "Nikikipasua utakishona." Basi likaondoka.

Mshono unaanzia shingoni, mwanangu. Lakini usiniamini mimi, kitazame mwenyewe.

Mama yako,
Salvina


Darisalama,
17 Septemba 1973

Mama yangu, shikamoo! Baba, shikamoo, na pole ya homa! Nimevuka! Nimeanza na hilo kabla ya salamu nyingine, nisamehe, mkono umekataa kungoja.

Kibuyu kilifika kizima. Mama Generosa alilala nacho njia nzima. Mtu mmoja kwenye behewa alimwambia "Shika mtoto vizuri, Mama," naye hakumsahihisha. Alinikabidhi kwa kunihesabia masharti: kisiwekwe juani, kisiwekwe chini, Coletha asikiguse. Sifa za Coletha zimeenea, Mama, amelia.

Nilikichora siku na siku. Kwa mstari mmoja. Kwa nukta. Kwa mkaa. Kwa rangi inayong'aa kama baiskeli mpya. Kama fundi wa mitambo, na Mwalimu akaniuliza kipimo cha ule mpindo wa tumbo nikashindwa, nikachora hivyo hivyo nimeandika "hapa hakipimiki." Kwa karatasi zilizochanwa. Na mtindo mmoja nilichora mshono peke yake, bila kibuyu: tundu na uzi, tundu na uzi, ukiteremka kwenye karatasi nyeupe. Watu walisimama hapo muda mrefu na bado walikiona kibuyu. Mimi mwenyewe nilikiona.

Sasa sikiliza, na usimwambie kuwa nimekuambia. Siku ya maonyesho Mama Generosa alisimama kando ya meza tangu asubuhi, hakukaa, hakula. Mkubwa mmoja kutoka wizarani akapita na watu wake, akapeleka kidole kwenye mshono. Mama Generosa akamzuia mkono! Mwalimu Ansgar alitaka kuzimia. Mkubwa akacheka, akauliza, "Huu mshono kafanya nani?"

Akamjibu, "Salvina, mama yake huyu. Alitoboa kwa msumari wa moto, akashona kwa uzi wa mkonge, na tangu siku ile hakijavuja tone. Mimi nilijaribu cha kwangu nikatoboa kidole, tazama kovu. Kule kwetu mkono kama ule hakuna mwingine. Ndiyo maana nilikiomba. Watu wanadhani nilikiomba kwa shida."

Hivyo hivyo, Mama. Nimeandika maneno yake, sijaongeza.

Chuo kimeomba kibaki kwenye kabati la kioo. Mama Generosa alikataa, akakataa tena, kisha akasema sawa, ila karatasi ya chini iandikwe majina mawili: aliyeshona na mwenye mali. Imeandikwa.

Coletha anakusalimu kwa mbali. Likizo nakuja.

Binti yako msanifu,
Anisia


Ushirombo,
21 Oktoba 1973

Anisia, Anisia, Anisia!

Leo salamu zote nimezitumia kwa kupiga vigelegele, chukua zilizobaki. Baba yako amepona siku ile ile barua ilipofika. Alitoka kitandani akataka suruali. Jilala ameletewa habari huko Geita, naye kawaambia wachimbaji wenzake wote, sasa kuna watu shimoni wanajua kuna kibuyu chetu kabatini Darisalama. Mvua za kwanza zimeanza.

Ule mstari wa kidole na kovu nimeusoma mpaka karatasi imelainika. Nilimpokea Mama Generosa kituoni. Nikamwambia, "Haya, walikuuliza nini huko?" Akasema, "Hawakuuliza kitu. Waliniuliza kama nimekula." Nikamwangalia. Akaniangalia. Nikambebea mzigo wake mpaka kwake, na njiani hatukusema lolote ila habari za vumbi la Isaka. Jioni nikampelekea maziwa ya mgando. Akayanywa yote, akasema yamezidi chachu kidogo. Ndiye yeye.

Lakini ngoja nikuambie lililotokea hapa, na usicheke ukaanguka kwenye wino. Ile habari ya kioo na majina mawili imewaingia kina mama wa Ushirombo. Kila nyumba sasa inataka kibuyu cha kushonwa. Walio na vibuyu vizima wanaona haya kuviweka mbele ya wageni! Mama mmoja wa upande wa soko alimpiga mwanawe kwa kutopasua. Wananipangia foleni uani tangu alfajiri, na baba yako anawapa namba kwa chaki kama vile ni zahanati.

Jana akaja Mama Generosa. Hakupanga foleni, akapita wote mbele, nao wakampisha. Mkononi ana kibuyu kipya, kizuri, cha mwaka huu, hakina hata doa. Nikamwambia, "Hiki nikufanyie nini? Kizima hiki."

Akakigonga kwenye jiwe langu la kusagia, *ka!* Ufa ukatoka shingoni mpaka tumboni, mwembamba, mzuri mno. Akakiweka mapajani mwangu.

"Shona," akasema.

Nikaweka msumari motoni, nikamtazama, nikamwuliza, "Kwa mtindo gani?"

Mama yako,
Salvina